Uzi Mwekundu wa Wodi ya Wanawake

Asubuhi ile mapokezi ya hospitali yalikuwa yamefurika. Watu wamebanana kwenye mabenchi, watoto wanapokezana kulia, na spika ya ukutani inaita wagonjwa kwa sauti ambayo hata mwenye jina hakuielewa. Katikati ya zogo hilo alipita muuguzi wa wodi ya wanawake, gauni jeupe limepigwa pasi likanyooka, mkanda wa bluu kiunoni. Wenzake walimwita Upepo kwa jinsi alivyotembea. Alikuwa akimsukuma Bibi, mgonjwa wake aliyevunjika nyonga, kutoka kupigwa picha.

Mara donge jekundu la uzi wa sufu likabingirika mbele ya magurudumu.

"Simama, sista! Utalikanyaga!"

Mwanamume mmoja alikuwa amepiga magoti, ameingiza mkono kati ya miguu ya watu. Shati lake lilikuwa la rangi ya haradali, mikono imekunjwa ovyo.

"Kaka, hapa ni hospitali. Kufuma nenda kwa shangazi yako."

"Shangazi kanifukuza. Kasema sina mkono wa kufuma."

Upepo alitaka kukasirika, akajikuta anacheka.

"Mpe mtoto wa watu uzi wake twende zetu," Bibi akalalamika. "Nyonga inaniuma na nyinyi mnachekeana!"

Kumbe mwanamume huyo alikuwa mtaalamu aliyeletwa kuchunguza kwa nini dawa zinawafikia wagonjwa kwa kuchelewa. Metroni, mkuu wa wauguzi, akampa kiti kwenye kona ya dirishani, mwisho kabisa wa wodi. Pale akabandika ramani ya wodi kwenye ubao, akachomeka pini, naye akamgawia kila muuguzi uzi wa rangi yake. Muuguzi akitembea, mtaalamu anauvuta uzi wake ubaoni kutoka pini hadi pini. Upepo alipewa mwekundu.

"Kwa nini mwekundu?"

"Ndio ulionikutanisha na wewe."

Jamani! Maneno mengine yangekatazwa wakati wa kazi. Tangu siku hiyo Upepo alitembea kama anayeelea. Mwanga wa asubuhi uliingia dirishani ukamwangukia yule mtu mabegani, mapazia yakapepea polepole, harufu ya dawa ya kusafishia sakafu ikageuka kuwa tamu. Akitoka kwenye kabati la dawa, lililokuwa mbali huko nyuma ya chumba cha mafaili, miguu ilimpeleka kwanza dirishani, eti kuangalia kama mvua inakuja, ndipo arudi vitandani.

Jioni akishafika nyumbani, simu kutoka kwa mtaalamu ilikuwa inaita kabla hajavua viatu.

"Umefika salama, mpenzi?"

"Nimefika. Miguu inawaka moto."

"Niache niipunguzie safari. Ndiyo kazi yangu."

"Ukiipunguza sana utaniona wapi, wewe?"

Wote wawili walicheka, na hakuna aliyetaka kukata simu kwanza.

Siku ya kutoa matokeo, wauguzi wote walijaa kwenye chumba cha mikutano. Mtaalamu alisimama mbele na ubao wake, amevaa koti lililombana kidogo.

"Napendekeza kabati la dawa lihamishiwe kona ya dirishani," alisema kwa uhakika. "Uzi mwekundu unapita pale kila mara. Bila shaka kuna kitu muhimu ambacho wauguzi wanakihitaji pale."

Metroni akashusha miwani. "Kona ile? Pale kuna nini?"

"Sijajua bado. Lakini uzi haudanganyi."

"Kuna kiti chako, kaka!" sauti ikatoka nyuma, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Upepo aliona ubao wote umegeuka mwekundu. Moyo wake ulikuwa umetundikwa pale kwa pini, kila mtu anausoma. Akainuka, akatoka.

Jioni simu iliita, akaiacha. Ikaita tena, akaifunika na mto. Asubuhi yake ile kona ilikuwa tupu, kiti kimesukumwa ukutani. Alipomfikia Bibi na kidonge cha maumivu, akamkuta ameuma shuka.

"Bibi, nisamehe. Wewe ulikuwa unaumia hapa, na mimi nazungukia dirishani."

"Nilikuwa nakuona," Bibi akasema, akimeza maji. "Nilikutukana kidogo moyoni, sikufichi. Lakini hata ungekuja moja kwa moja ningengoja. Kabati lenyewe liko mbali, safari ya kufungasha chakula! Usilie juu yangu, utanilowesha."

Siku iliyofuata mafundi waliingia wakisukuma kabati. Hawakulipeleka dirishani, walilifunga ukutani katikati ya vitanda, hatua chache kutoka kwa Bibi.

"Mtaalamu wako alirudi kwangu," Metroni alimwambia Upepo, akimkabidhi ufunguo. "Kasema ule uzi ameuharibu mwenyewe kwa kukaa pale. Kautoa, kapima upya kwa nyuzi nyingine. Kazi yake imeisha, ameenda kuaga mapokezi."

Upepo alifungua kabati, akatoa dawa, akageuka, tayari yuko kitandani kwa Bibi.

Bibi akamtazama kwa mshangao. "Leo mbona umefika kabla sijaita?"

Upepo aliweka trei, akamwomba mwenzake amshikie wodi, akashuka ngazi mbio. Alimkuta kwenye benchi la mapokezi, shati la haradali, donge jekundu mapajani.

"Ulinifanya kichekesho mbele ya watu!"

"Sikujua, mpenzi. Wallahi sikujua. Nilidhani unafuata hewa safi." Akaligeuzageuza donge. "Mjinga gani anavuta uzi wa mwanamke kila siku asijue unakuja kwake?"

"Na mgonjwa wangu alikuwa anangoja."

"Najua. Ndiyo maana kabati limehamishwa kwanza, ndipo nikathubutu kukungoja hapa." Akakata kipande cha uzi. "Nioe... yaani, niruhusu nikuoe. Nipe kidole."

Watu benchini waligeuza shingo wote, hata mtoto aliyekuwa analia.

"Kidoleni hapana. Kazini haturuhusiwi kuvaa chochote mkononi." Upepo alitoa ufunguo wa kabati mfukoni, macho yamejaa machozi. "Funga hapa. Ufunge sana."

Alifunga mafundo mawili, akayakaza.

Wodini Bibi aliuona uzi ukining'inia kwenye ufunguo. "Sasa utapita njia fupi?"

"Nitapita, Bibi," Upepo akasema, akamwekea kidonge kiganjani kabla hajakiomba.