Kofia Kwenye Kiti cha Dirishani

Treni ilikuwa imeshaanza kuondoka...

Na mke wangu yumo ndani!

Nilikuwa pale stesheni ya Lyon, mvua inanipiga upara, nagonga kioo kwa ngumi kama mwehu.

"Mireille! Fungua! Mireilleee!"

Afungue nini? Treni za kwetu Ufaransa zinafunga milango dakika mbili kabla ya muda. Nimepanda treni maisha yangu yote, hilo nalijua kama jina langu. Nilifika imebaki dakika moja.

Aliniangalia. Hakulia. Hakunipungia.

Na pembeni yake, kwenye kiti cha dirishani... kofia ya mwanaume!

Nyeusi. Imetulia pale kama mwenyewe kaenda msalani mara moja.

Wadau, damu ilinichemka. Nikajua Firmin yumo humo!

Ngoja niwarudishe nyuma siku tano, muone mwanamke alivyonizunguka.

Naitwa Anselme. Nina miaka sitini na tisa. Shule nilisoma vipande vipande, muhula huku, muhula kule, maana baba alikuwa mtu wa mashua za mizigo mtoni. Nami nikarithi miguu yake. Nimeendesha malori, nimevuna zabibu, nimepakua samaki kwenye bandari ambazo hata majina nimesahau. Nyumbani kwangu Limoges nilikuwa mgeni tu.

Aliyekuwa akiningoja ni Mireille. Wiki ya harusi yetu nilimwahidi kumpeleka Lyon tukatembee, tule vizuri. Ukatokea mzigo wa Poland.

"Mwaka ujao, mpenzi," nikamwambia.

Mwaka ujao ukawa wimbo. Yeye kila Oktoba alikuwa anakwenda Vichy kwa dada yake, wiki nzima. Sikuwahi kuuliza. Niulize nini na mimi niko barabarani?

Nilipostaafu akanikalia kooni.

"Anselme, Oktoba hii ni Lyon, au basi."

"Basi nini?"

"Basi tu."

Haya. Tukaenda, tukagawana kazi. Yeye achague safari za mchana, zile za kwenda na kurudi. Mimi nichague migahawa, maana nina daftari langu la miaka arobaini. Dereva yeyote wa lori niliyekutana naye, nilimuuliza swali moja: kwenu wanakula wapi?

Jumapili nikampeleka mahali pa kwanza. Nyama kavu kama soli ya kiatu!

Jumatatu pamefungwa. Mfaransa mzima nimesahau kwamba Jumatatu wapishi wanapumzika! Tukala mkate na jibini kwenye ngazi za mtaa. Mireille anacheka hadi machozi. Mimi nimenuna.

"Unacheka nini?"

"Nimefurahi, mzee. Inakatazwa?"

Jumanne akanipeleka Vienne, mji wa jirani, akaninunulia kofia mpya. Jumatano Pérouges. Sasa ndipo nilipoanza kushtuka...

"Kaa kushoto, utauona mto vizuri."

"Umejuaje?"

"Nimesoma."

"Usinunue keki hapo, twende duka la pili."

"Hilo nalo umelisoma?"

 Nikalihifadhi moyoni.

Alhamisi nikafungua daftari. "Leo tunakula kwa Mama Huguette, kule juu Croix-Rousse. Madereva watatu wameniambia."

Mireille akabadilika rangi!

"Leo hapana, Anselme. Popote pengine, lakini leo hapana."

"Kwa nini?"

"Nakuomba tu."

"Ulishafika pale?"

"Lyon? Mimi? Lini?"

 Akaangalia viatu vyake.

Nikamshika mkono, twende! Nilimburuta mlima mzima, wadau. Sijivunii.

Mlango kufunguliwa tu, mama mnene mwenye aproni akatoka jikoni mbio, akambusu mke wangu mashavu yote mawili.

"Mireille wangu! Mbona leo? Si ulisema Jumamosi?"

JUMAMOSI?!

Mama Huguette hakuniona hata kidogo. Akageukia kabati la mbao lililo karibu na kaunta, lenye vidroo vidogo vidogo, kila kimoja kina jina limeandikwa kwa kalamu. Akavuta kimoja. Ndani mna kitambaa cha kujifutia mdomo, kimeviringwa ndani ya pete ya mbao. Droo imeandikwa: MIREILLE.

Anayeijua Lyon ameshanielewa. Kitambaa kwenye droo ni cha mteja wa kudumu, aliye kama mtu wa nyumbani. Kwa Mama hununui droo. Unapewa kwa kurudi, na kurudi, na kurudi!

"Vichy, eh?" nikasema. "Dada yako amehamia lini kwenye kabati?"

"Anselme, kaa chini. Nitakueleza."

"Jumamosi ulikuwa uje na nani?"

"Kaa kwanza."

Macho yangu yakaenda kwenye droo ya jirani. Imeandikwa: FIRMIN.

"Firmin ni nani?!"

 Mtu mmoja akabaki na kipande cha utumbo kwenye uma, hakijafika mdomoni.

"Ni mtu wa meza ya pili," Mireille akasema polepole. "Alikuwa..."

"Alikuwa nini? Mtamu?"

"Wewe mzee!" Mama Huguette akaingilia. Mkono wake ulikuwa umeshashika droo nyingine, ya chini. "Kabla hujaropoka tena, njoo utazame hapa!"

"Nawe kuwadi, nyamaza!"

Nikapindua meza. Sahani, chupa, haradali, vyote chini. Nikatoka bila kugeuka nyuma.

Sikurudi hotelini kwetu; nililala kwa rafiki mmoja wa zamani wa malori. Kwenye simu ukaingia ujumbe mmoja tu wa Mireille: "Kesho Annecy, treni ya saa mbili na dakika nane asubuhi. Njoo. Nitakueleza njiani."

Asubuhi nikaenda. Siwadanganyi kwamba nilikwenda kuomba radhi. Nilikwenda kumfumania! Nikajibanza kwenye kibanda cha kahawa cha stesheni nikingoja huyo Firmin atokee. Nimengoja... nimengoja... Nilipoinua macho kwenye saa, zimebaki dakika tatu. Nikakimbia. Mengine mnayajua.

Kioo kina maji. Mke ndani. Kofia kitini.

Treni nyingine ya Annecy ilikuwa ipo, mchana kabla ya saa sita. Niliiona kwenye ubao kwa macho yangu. Nikaitukana. Nikarudi hotelini, nikabeba begi langu, nguo zake nikazimwaga sakafuni, nikashika njia ya Limoges.

Nilikasirika wiki tatu. Nilikula kwa hasira, nililala kwa hasira. Kila aliyeniuliza habari za mke nilimwambia yuko Annecy na Firmin.

Kisha kikaja kifurushi. Kimetoka kwa Mama Huguette.

Ndani mlikuwa na kofia nyeusi.

Nikaigeuza. Kwenye bitana, lebo ya duka la Vienne...

Ilikuwa KOFIA YANGU!

Ile ya Jumanne. Niliisahau mkahawani nilipopindua meza. Nilikuwa nimeivaa siku mbili tu, na hasira hazikunipa nafasi hata ya kujiuliza mbona mvua inanipiga upara.

Chini ya kofia, tiketi ya Annecy yenye jina langu. Chini ya tiketi, kitambaa kimeviringwa ndani ya pete, bado kikavu kwa wanga wa kupigia pasi, hakijawahi kufunguliwa. Na barua, mwandiko mkubwa wa mtu wa jikoni:

"Mzee Anselme. Mkeo amekuja kwangu kila Oktoba kwa miaka kumi na tisa, peke yake. Kila mara meza ya wawili. Kila mara nilitoa kitambaa chako nikakiweka mbele ya kiti kitupu, na jioni nikakirudisha. Firmin alikuwa mwalimu mzee wa mtaa huu. Alikuwa anamuuliza, 'Mumeo bado?' naye anajibu, 'Mwaka ujao.' Firmin tumemzika miaka miwili iliyopita. Kitambaa cha marehemu mimi sikiondoi kwenye droo yake. Jumamosi ilikuwa miaka thelathini ya ndoa yenu. Droo yenye jina lako, ile niliyokuita uitazame, ndiyo ilikuwa zawadi. Kofia uliiacha kwangu, Mireille akaichukua akupelekee, akairudisha alipotoka Annecy. Meza umenivunjia mguu."

Nilipiga simu. 

"Mireille..."

"Nimekusikia."

"Ile kofia..."

"Nilikushikia kiti. Watu wawili waliniomba wakae, nikawaambia mume wangu anakuja."

"Nisamehe, mama. Nije wapi?"

"Annecy nilikaa kwenye benchi la stesheni. Nikangoja treni ya pili. Nikangoja ya tatu. Hukushuka."

"Nakuja sasa hivi!"

"Anselme. Miaka kumi na tisa nilidanganya naenda kwa dada, maana niliona aibu kukwambia nakula Lyon peke yangu. Hilo ndilo kosa langu, nalikubali. Lakini kungoja nimemaliza."

Akakata.

Nyie mnaosoma na hasira zenu kifuani, ukiuliza swali, funga mdomo usubiri jibu. Mimi niliuliza maswali sita mle ndani. Jibu sikusubiri hata moja.

Talaka ilitoka Machi. Mireille anaishi Vichy, safari hii kweli, kwa dada yake. Oktoba iliyopita alikwenda Lyon kama kawaida. Mama Huguette ameunga mguu wa meza na bado anapika. Firmin yuko makaburini. Nilimpelekea maua, sijui kwa nini. Limoges nimeuza nyumba, nimerudi kwenye zabibu, kambi hii na ile. Kofia naivaa kwenye jua. Kitambaa kipo kwenye begi, hakijafunguliwa. Droo yangu, nimesikia, amepewa mtu mwingine.