Mara Saba

Aliyeniapia haya ni rafiki yangu Juwairiya, mwalimu wa hesabu pale Nkoma, Mbale, na si mtu wa kuzua. Mwaka 1996 alikwenda Jinja kuchukua sanduku la jeshi la marehemu baba yake, lililobaki kwenye stoo moja ya Nalufenya.

"Iko kule ndani, mwalimu," mwenye stoo alimwambia. "Ingia tu."

Ubavuni mwa sanduku ilikuwepo namba ya baba: 142857. Alipopiga magoti aifute vumbi, mlango ukajifunga, giza likawa totoro.

Ili asipige mayowe, akaanza kuizidisha namba ile kwa sauti. Ndio uliokuwa mchezo wao utotoni: baba alitaja tarakimu tano za jibu kwa sauti ya gwaride, akamwachia yeye ya sita. Mara mbili: 285714. Mara tatu: 428571. Tarakimu zilezile, zinazunguka tu. Na kwa kila jibu, buti zilisikika zikilizunguka sanduku.

Mara sita: 857142. Hapo akanyamaza, maana mara saba mzunguko hukatika, zikabaki tisa tupu.

Buti zikasimama nyuma yake.

"Tisa," ikasema sauti. "Tisa. Tisa. Tisa. Tisa."

Kisha ikanyamaza, ikamwachia ya sita.