Konzi ya Mwenye Mahali

"Konzi moja tu, Sixtus. Panya wa humu ndani wanakula zaidi ya hapo."

"Mama Siwema, mashine hii haijui konzi. Inajua gramu. Ukichota, mkanda unasimama, na ukisimama ninaulizwa mimi."

Mwamini alikuwa ameshika mdomo wa gunia kwa mikono miwili, hataki kuuachia. Wasichana wa kushona magunia walijifanya hawasikii. Binti yake, Siwema, aliyeacha shule kidato cha pili baba yake alipofariki, alisimama na sindano yake mkononi akimwonea mama yake aibu.

Kiwanda kilikuwa kidogo, cha unga wa muhogo, nyuma ya maduka ya Kwa Mathias, Kibaha. Tangu Siwema hajazaliwa, unga wa kwanza wa asubuhi ulichotwa konzi moja, ukamwagwa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma kwa ajili ya mwenye mahali. Hakuna aliyemwita kwa jina jingine. Mzee Mwinyimadi ndiye aliyekuwa akimwaga, na alipostaafu akarudi kwao Kurui, alimwachia Mwamini kazi hiyo, akamsihi asiruke hata siku moja.

Lakini mwaka ule, 1984, meneja Bwana Alfonce alileta kompyuta, pamoja na Sixtus, kijana wa parokiani aliyesomeshwa ufundi ng'ambo. Kati ya kompyuta na mashine Sixtus alifunga kisanduku cha bati kilichojaa nyaya na swichi ndogo zilizojiwasha na kujizima zenyewe. Aliwaeleza wafanyakazi kwamba hicho ndicho mkalimani. Kinasikiliza mizani na mikanda, kinaiambia kompyuta, kisha kinarudisha amri. Kitu kisicho na mdomo kinapata mdomo, alisema, na watu wakacheka kwa furaha.

Mwamini aliuachia mdomo wa gunia. Siku ile hakuna aliyemwaga unga.

Kesho yake Siwema alikuta magunia aliyoyashona jana yamenywea juu. Alifumua moja. Juu ya unga palikuwa na shimo laini, na pembeni mwake michirizi ya vidole virefu kuliko vya mtu. Uzi ulikuwa wake mwenyewe, haukuguswa. Magunia yote yalikuwa hivyo, nayo yalitoa harufu ya muhogo mchungu uliolowekwa ukasahauliwa.

Mizani iliwasha taa nyekundu. Bwana Alfonce aliuliza ni nani katika kiwanda hiki aliyekuwa akililia konzi, na vichwa vyote vikageuka. Akamwambia Mwamini, mbele ya watu, kwamba hizi si zama za kucheza na unga, kuna wahujumu uchumi waliochukuliwa kwa kidogo kuliko hiki. Alimpa mpaka Jumamosi aseme anakouza, la sivyo atalipeleka jina lake kwa mgambo. Kisha akanyoosha mkono, naye Mwamini akavua aproni yake akampa.

Sixtus alikuwa ameinamia nyaya zake.

Alipotoka, Siwema alimfuata nje akamwomba aseme kweli. Uzi haukukatwa, yeye mwenyewe ameuona.

"Nikisema hivyo, watasema mashine yangu inakula unga," Sixtus alijibu kwa sauti ya chini. "Ngoja kwanza nijue tatizo." Alisita, akatazama nyuma yake. "Swichi za kisanduku zinalia hata nikichomoa waya wa umeme. Na jana kioo cha kompyuta kiliandika neno ambalo sikuliandika."

"Neno gani?"

Alitikisa kichwa. Alisema labda kuna mtu anamtania.

Mama na binti walikwenda Kurui. Mzee Mwinyimadi aliwapokea barazani kwake, akawapa mkono wa kushoto na kuwaomba radhi, maana wa kulia ulikuwa umeishia kwenye kifundo, na mkono wa shati umekunjwa ukabanwa kwa pini. Alimsikiliza Mwamini mpaka mwisho.

"Walikwambia nini kuhusu mkono wangu?" aliuliza.

"Kwamba ulikatwa na mkanda, mzee wangu."

"Mkanda ulikuwa umesimama."

Kuku walipita uani.

"Tulimwanzishia unga ili asahau kilichokuwa kabla ya unga," alisema mzee. "Akawa ametulia. Alikuwa na njaa, lakini hakuwa na namna ya kusema." Aliuliza tena habari za kile kisanduku, na Siwema alipomweleza, mzee alifumba macho. "Basi sasa mmempa mdomo. Rudini leo hii mkammwagie. Akionja kile kingine, unga hautamfaa tena."

Walidandia lori la mkaa. Lilipowashusha Kwa Mathias giza lilikuwa linaingia na umeme ulikuwa umekatika, maduka yote yana vibatari. Mwamini alikuwa na unga ndani ya kitambaa. Walizunguka nyuma ya kiwanda, na kabla hawajaufikia mlango Siwema alisikia kisanduku, ta, ta, ta, kikinyamaza kidogo na kuanza tena, kama mtu anayegonga meza akisubiri chakula, na ile harufu ya muhogo uliooza ikawajia nzito na ya uvuguvugu, kama pumzi ya mtu aliyesimama karibu mno. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Kupitia wavu wa dirisha aliona mwanga wa kijani mahali ambapo hapakupaswa kuwa na mwanga wowote, kwa kuwa Kibaha nzima ilikuwa gizani na waya wa kompyuta ulikuwa umechomolewa na kulazwa sakafuni, hata hivyo kioo kilikuwa kinawaka na herufi zilikuwa zinashuka mstari baada ya mstari, neno moja lile lile, KONZI, KONZI, KONZI, na mbele yake amesimama Sixtus, bisibisi mfukoni, akiutazama unga ulioganda kwenye mdomo wa mashine, akikunja mkono wa shati lake taratibu kama mtu anayetaka kunawa.

"Sixtus, usiingize mkono," Siwema alinong'ona.

Aligeuka, wala hakuonekana kushangaa.

"Umeme hakuna, Siwema," alisema kwa upole. "Imezimwa."

Swichi zikalia zote kwa pamoja.

Bwana Alfonce aliwaambia watu kwamba ni ajali ya mkanda. Siwema alipokwenda hospitali, Sixtus aligeukia ukutani. Alimwuliza jambo moja tu, kama mkono wake umepatikana. Haukupatikana. Mashine ilifunguliwa skrubu baada ya skrubu na ndani yake hamkuwa na hata tone la damu. Habari ya uzi hakuisema, na Siwema hakuwa na moyo wa kumkumbusha. Magunia sasa yalijaa mpaka juu, lakini jina la Mwamini lilibaki la mwizi. Majirani waliacha kuja kwake kuazima chumvi.

Ule unga wa kitambaani Mwamini alikuwa ameumwaga kizingitini usiku ule ule, akilia. Asubuhi ulikuwepo kama alivyoumwaga. Hata sisimizi hawakuugusa.

Jumamosi ilifika. Mwamini alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya muhogo, na Siwema alikuwa amefunga nguo chache za mama yake kwenye kanga, kwa kuwa walijua wanaochukuliwa hawapewi nafasi ya kufungasha. Hodi ilipopigwa, ni Siwema aliyefungua.

Bwana Alfonce alikuwa peke yake. Hakuwa na mgambo. Alikuwa amebeba ile aproni, imefuliwa na kukunjwa vizuri. Alisema akiwa pale pale mlangoni kwamba yale ya wizi yamekwisha, atayafuta mbele ya wafanyakazi wote, na kwamba Mama Siwema atakuwa msimamizi wa zamu ya asubuhi. Kisanduku kitabaki, kwa kuwa kila wanapokichomoa wanakikuta kimejirudisha mahali pake. Ila kazi ya Mama Siwema iko pale pale, inamngoja.

Mwamini aliweka kisu chini. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ugomvi alitabasamu, akajifuta mikono kwenye kanga na kuinyoosha kupokea aproni yake.

Siwema aliona kwamba meneja hamtazami mama yake usoni. Anatazama mikono.

"Kwa nini yeye, Bwana Alfonce?" aliuliza. "Wasichana wako wengi."

Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, likilowesha uzi wa rozari yake.

"Kompyuta imeandika tena, mwanangu," alisema. "Inataka mkono uliozoea."