Fundi Kimya wa Kwa Jongo

Biti ya chuma, nyembamba kama sindano ya fundi viatu, ilishuka juu ya ubao wa mninga ikizunguka mara elfu thelathini kwa dakika. Haikupiga kelele hata za mbu. Maranda yalinyonywa kabla hayajagusa sakafu, na herufi zikajitokeza moja moja, zimenyooka, zina kina kimoja: WIFI, CHAI IPO, NYUMBA HAIPO.

Chumba kizima kikaangua kicheko.

"Bibi wee! Wifi yako akisoma hiki hata viatu havui," alisema Mzee Mshindo, muuza kahawa, akijifuta machozi.

"Asivue! Aliitwa na nani?" Bi Chausiku alikipokea kibao chake kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhiwa mtoto mchanga.

Sikudhani, mwenye karakana, alisimama kando akitabasamu. Hakuna kitu alichokipenda duniani kama nyumba iliyojaa watu.

Kwenye karatasi za kampuni mashine ile iliitwa mchonganamba, kwa sababu kila mkato wake ulikuwa hesabu: biti iende kulia kiasi gani, ishuke kiasi gani, inyanyuke wapi. Lakini mtaani iliitwa Fundi Kimya, maana haikupewa mdomo. Ilikuwa na sikio tu, kinasa sauti kidogo kama kifungo cha shati. Mteja aliketi mbele yake akasimulia kisa chake, na akili unde iliyokuwa ndani ikapima, ikachuja, ikatunga maneno manne matano ya kumchoma mtu maini.

Huo ulikuwa mwaka 2094. Kwingine kote katika jiji la Mivinjeni milango ilikuwa na vioo vinavyojiandika jina la mpangaji. Ni Kwa Jongo tu, nyumba arobaini na mbili zilizobanwa katikati ya maghorofa, ambako watu bado walitundika vibao vya mbao. Jirani akikukera, humtukani. Unachongesha kijembe, unakiweka mlangoni, yeye mwenyewe akipita anasoma. Baba yake Sikudhani alivichonga kwa patasi, kimoja kwa siku mbili. Fundi Kimya alikimaliza kabla kahawa haijapoa, na watu wa maghorofani wakawa wanashuka kununua.

Mashine hiyo kampuni ya Makazi Nadhifu ilimpa bure. Sharti lilikuwa moja: wateja waisimulie visa vyao kwa kirefu, ndipo akili yake ikomae. Sikudhani hakuona ugumu. Aliongeza mabenchi, akamleta Mzee Mshindo na birika lake, na kila mteja akamwambia, "Mpe habari yote, usimfiche fundi. Kijembe cha nusu habari hakichomi."

Bi Chausiku naye, asubuhi ile ya kibao cha wifi, alikuwa amesita. Alikitazama kile kifungo, akamnong'oneza Sikudhani, "Shoga, mengine ni ya ndani."

"Fundi hana mdomo, mwenzangu. Atamwambia nani?"

Basi akasema. Kiwanja marehemu mumewe alipewa kwa mdomo na rafiki yake, mbele ya mashahidi watatu. Hati haikuandikwa. Mashahidi wote walishazikwa, na wifi alikuwa ameanza kunusa. Jambo hilo alikaa nalo miaka kumi na tisa.

Miezi minane baadaye, asubuhi moja, Fundi Kimya aliwaka mwenyewe. Oda ilikuwa imetumwa moja kwa moja kutoka kampuni: vibao arobaini na moja, saizi moja. Sikudhani alipiga vigelegele. Akatoka kibarazani akaita mtaa mzima. "Njooni muone oda! Njooni, kahawa juu yangu!"

Wakaja, wakabanana mpaka dirishani. Kibao cha kwanza kikatoka. NYUMBA NAMBA 1. MKAZI ALIUZIWA NA MTU ASIYE MWENYE ENEO.

"Mzee Mshindo, umepatikana!" mtu alipiga kelele, watu wakacheka. Mzee Mshindo naye alicheka, kisha akasogea kukisoma tena.

Kikaja cha pili. NYUMBA NAMBA 2. MRITHI HALISI YUPO HAI, HAKUSHIRIKISHWA. Kicheko kikapungua. Kufika cha tano hakuna aliyecheka. Kila mmoja alikuwa anangoja namba yake.

NYUMBA NAMBA 17. HAKUNA HATI. MASHAHIDI WATATU, WOTE WAMEFARIKI.

Bi Chausiku hakulia. Alimgeukia tu Sikudhani.

Ofisa wa Makazi Nadhifu alifika kabla ya adhuhuri, kijana nadhifu aitwaye Renatus. Aliwaamkia wakubwa shikamoo, mmoja baada ya mwingine, ndipo akaeleza.

"Sikio la mashine ni mali ya kampuni, mama zangu. Imo kwenye mkataba. Na sheria mpya ya ardhi inapokea ushahidi wa sauti, mradi mtu ameutoa kwa kinywa chake bila kulazimishwa." Akatabasamu kwa huruma. "Nimesikiliza saa elfu mbili. Hakuna aliyelazimishwa. Mlikuwa mnacheka."

"Na vibao?" aliuliza Mzee Mshindo.

"Vitawekwa milangoni siku tisini, kisha eneo litachukuliwa na kampuni. Tuliona vyema vichongwe hapahapa. Ni mila yenu."

Alipoondoka, watu walibaki wakihesabu. Nyumba arobaini na mbili, vibao arobaini na moja.

"Sikudhani," alisema Bi Chausiku taratibu, "mbona chako hakipo?"

"Sijui, shoga. Haki ya Mungu sijui."

Lakini alijua. Muda wote huo alisikiliza ya wenzake, akayachochea, akayapamba. Yake hakuyasema hata siku moja. Alikwepa macho yao, na kukwepa kule ndiko walikokushika.

"Wewe si ndiye uliyeniambia fundi hana mdomo?" Bi Chausiku alisema. "Kweli hakuwa nao. Alitumia wako."

Wakatoka wote. Mzee Mshindo naye alibeba birika lake.

Sikudhani alikaa peke yake kati ya mabenchi matupu. Kisha akasogea mbele ya kile kifungo, akaketi pale walipokuwa wakiketi wateja.

"Nyumba hii," alisema, "baba alivamia. Palikuwa uwanja wa shule. Alijenga wikiendi moja, na risiti aliyokuwa akiwaonyesha watu, muhuri wake aliuchonga yeye mwenyewe. Sina hati. Sijawahi kuwa nayo."

Fundi Kimya alivuta ubao, akachonga.

Sikudhani alikipiga msasa kwa mkono wake, akakipaka vanishi, akakigongomelea mlangoni: NYUMBA NAMBA 42. UVAMIZI. RISITI NI YA KUGHUSHI. Akasimama chini yake, akingoja wenzake wapite wasome kwamba naye ni kama wao.

Bi Chausiku alipita jioni akiwa na ndoo ya maji. Alisimama, akasoma herufi zote bila haraka.

"Umechonga vizuri," alisema. "Na hiki kijembe umemtupia nani?"

Akaendelea na njia yake.