Milia Isiyokutana

Zipu ya bibi harusi ilikatika akiwa ameshakanyaga ngazi ya ukumbi. Wageni wamejaa hadi nje, magari yanapiga honi, muziki umeshaanza, na mama wa bibi harusi anatafuta mtu wa kumlaumu. Akamwona fundi cherehani kati ya waalikwa, akamkamata mkono, akamburuta hadi chumba cha kubadilishia nguo.

Gauni hakulishona yeye, lilikuwa la kukodi. Lakini siku ya harusi nani anasikiliza hayo? Fundi alikuwa amekuja kula na kucheza kama watu wengine, na sketi yake ya bluu iliyomkaa vizuri kiunoni. Hata hivyo sindano haikosekani kwenye mkoba wake. Akapiga magoti nyuma ya bibi harusi, akaanza kumshonea ndani ya gauni lake.

Mpiga picha alisimama mlangoni, kamera mbili shingoni, shati limemganda mgongoni kwa jasho.

"Fundi, bado sana?"

"Ukiniharakisha namshona pamoja na ngozi."

Bibi harusi akakauka kama mti. Kila mtu akanyamaza, na katika kimya hicho ukatoka mngurumo mrefu, usio na haya, tumboni kwa fundi.

Mpiga picha akacheka. "Pole. Njaa hiyo?"

"Njaa sina. Huyo ni Shangazi," akajibu, uzi mdomoni. "Hajui kunyamaza mbele za watu."

Mpiga picha alidhani ni utani tu, na utani ulimnasa. Hata kabla keki haijakatwa alikuwa amempiga fundi picha nyingi kuliko bwana harusi, kisha akamwomba namba ya simu eti amtumie hizo picha. Wanaume, jamani! Kuanzia siku hiyo yeye akaitwa Kamera, na fundi akaitwa Fundi wangu.

Sasa hilo la Shangazi tuliseme mapema, maana Fundi mwenyewe hakupenda mambo ya kuzungukazunguka. Miaka michache nyuma utumbo wake uliugua hadi ukakaribia kumzika. Madaktari wakaukata, wakaitoa ncha yake nje ya tumbo, kulia kwa kitovu. Wao huiita stoma. Ni kitu kidogo chekundu, chenye unyevu kama ndani ya shavu, na juu yake hubandikwa mfuko wa kupokea choo. Fundi huumwaga mfuko huo kila unapojaa, na baada ya siku chache huubandua na kubandika mwingine. Ndiyo hivyo tu. Mwaka wa kwanza alilia. Wa pili alichoka kulia, akanunua kitambaa, akajishonea sketi za kiuno kipana na nguo za kuogelea zenye marinda tumboni. Akarudi kazini, akarudi kucheza, akarudi kula na kucheka kwa sauti. Jina la Shangazi alilitoa mwenyewe, kwa sababu kitu kile husema bila kuulizwa, na ndicho kilichomlea hadi leo yuko hai.

"Kamera, Jumamosi twende tukaogelee," alimpigia siku moja.

"Kumbe unaogelea?"

"Kuliko wewe. Na ukizama nitakuacha humo humo, nirudi nyumbani na viatu vyako."

Pale kwenye bwawa, miguu yao ikiwa majini, watoto wakiruka na kupiga kelele pande zote, akamweleza kila kitu. Kamera akasikiliza, hakumkatiza.

"Inauma?"

"Hapana."

"Naweza kuona?"

"Tulia, baba. Leo umeonyeshwa maneno, yanatosha."

Wakacheka hadi wakaangaliwa. Kisha Fundi akaacha kucheka. "Nina sharti moja tu. Mimi siwi mke wa kufichwa. Siku nitakayokanyaga kwenu, wa kwenu wawe wameshajua. Sisemi utangaze mtaa mzima. Wa kwenu tu. Sitaki kujifungia chooni kwa mama mkwe kama mwizi."

"Nitawaambia," akasema Kamera, akambusu bega lililokuwa na maji.

Na alimpenda, hilo nisimnyime. Alijifunza kukata kitundu cha mfuko kwa mkasi mdogo, akawa anakikata vizuri kuliko Fundi. Kwenye begi lake la kamera, mahali pa lenzi moja, aliweka mfuko wa akiba. Siku moja wakiwa sinema mfuko wa Fundi ukaanza kuvuja. Kabla hajafungua mkoba wake, Kamera alikuwa ameshamwekea mapajani ule wa akiba pamoja na vitambaa vya kujifutia, macho yake yakiwa bado kwenye filamu. "Nenda, nitakusimulia utakachokosa," akamnong'oneza. Kule chooni Fundi alisimama akijitazama kwenye kioo, akajiambia: basi, nimekwisha. Huyu ndiye.

Siku ya kwenda kutambulishwa kwa mama mkwe, Kamera alimshika mkono mlangoni. "Nimeshawaambia. Kuwa huru."

Akawa huru. Mama mkwe alimpokea kwa mikono miwili, akamwita mwanangu, akamkalisha karibu yake. Fundi alikwenda chooni alivyotaka, akakaa huko alivyotaka, na Shangazi alipokoroma katikati ya maongezi, mama alisema tu, "Mpakulieni mtoto, ana njaa." Fundi alitabasamu. Alimwona mama yule ana utu wa ajabu, anajua na anajifanya hajui.

Harusi ikapangwa. Kamera akasema lazima wapige picha moja kubwa ya kuwekwa kwenye mlango wa ukumbi. Fundi akajishonea gauni la kijani lenye milia myeupe ya kukingama. Kitambaa cha milia ni mtihani. Ukikata vibaya kidogo tu, mlia wa mbele haukutani na wa nyuma kwenye mshono, na fundi mwenzako atakucheka hata ukiwa kaburini. Alikikata kwa uvumilivu, hasa upande wa kulia, pale mfuko unapoinua nguo kidogo. Hakuuficha, wala hakuutangaza. Aliiacha milia ipite juu yake taratibu, ishuke, ikutane na ya nyuma ubavuni. Alipomaliza alijisifu mwenyewe kwa sauti, peke yake, mbele ya cherehani.

Picha ilifunuliwa sebuleni kwa mama mkwe, kwenye fremu kubwa. Watu wakapiga makofi. Mashemeji wakasema bibi harusi kama malkia. Fundi naye akasogea atazame kazi yake.

Milia ya upande wa kulia haikukutana.

Alihisi uso unawaka. Aibu iliyomshika kwanza ilikuwa ya kazi: nimekosea! Mimi, wa kukosea milia, tena ya gauni langu mwenyewe! Akaaga mapema, akasema kichwa kinamgonga. Alipofika nyumbani alilitoa gauni kabatini, akalitandaza kitandani, akafuata kila mlia kwa kidole, kutoka tumboni hadi ubavuni. Yote ilikutana. Hakuna hata mmoja uliokosea njia.

Akakaa pembeni ya gauni lake. Akaelewa. Akachukua simu.

"Kamera, umenikata tumbo?"

"Nini?"

"Kwenye picha. Kulia. Umelisawazisha kwa kompyuta."

Sauti ya Kamera ikageuka ya kubembeleza: "Mpenzi, nilipunguza tu. Mabibi harusi wote nawafanyia. Chunusi, kovu, kitambi. Ni kazi. Hata sikufikiri."

"Chunusi inapona. Kile ulichofuta ndicho kinachonifanya nipumue."

"Nilitaka upendeze."

"Nilikuwa nimependeza." Akalivuta gauni mapajani. "Sema kweli. Mama ndiye aliyekuomba?"

"Mama? Mama angeombaje wakati hajui?"

Neno likitoka halirudi. Wote wawili walilisikia likipita. Fundi aliikumbuka siku ile sebuleni, mpakulieni mtoto, ana njaa. Kumbe mama alidhani ni njaa kweli.

"Uliniambia umewaambia."

"Nilitaka kuwaambia. Kila nikijaribu..."

"Mlangoni, Kamera. Ulinishika mkono, ukaniambia niwe huru."

Akakata simu. Kamera alipiga tena na tena. Alituma ujumbe, alituma maua, alimtuma dada yake Fundi aje amsemee. Dada alikuja, akamkuta mdogo wake amejikunja juu ya gauni la milia, akasahau alichotumwa. Alimkumbatia tu wakalia wote.

Wiki zikaenda. Fundi alishona, alikula, alikwenda kuogelea, na kila alichofanya kilikuwa na nafasi tupu ya mtu mmoja pembeni. Kisha mteja akamwambia: "Mbona nimekuona umening'inizwa dirishani mjini?"

Hakwenda siku hiyo. Siku ya pili akaenda. Kwenye dirisha la studio ya Kamera, mbele ya barabara yenye watu wengi, ilikuwepo picha yake, kubwa kuliko ile ya kwanza. Gauni la kijani, na upande wa kulia uvimbe mdogo, mlaini, milia ikiupanda na kuushuka na kukutana ubavuni, yote. Alikuwa mzuri! Alisimama na watu wakimpita, mkono mdomoni, na alitamani kumsamehe kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote.

Kamera akatoka mbio, amekonda, ndevu hazijanyolewa. "Fundi wangu. Umeiona? Sijagusa kitu. Wapita njia wote wanaona."

"Nimeona. Ni kazi nzuri."

"Basi rudi."

"Umemwambia mama?"

Akainamisha kichwa. Akatoa kitambaa mfukoni, akaanza kufuta lenzi ambayo haikuwa na vumbi. "Nitamwambia. Natafuta siku nzuri. Unajua presha yake."

"Mtaa mzima umeonyeshwa, mama bado?"

"Mtaani hawajui wanatazama nini. Wanaona gauni."

Fundi akatikisa kichwa polepole. "Basi bado umenificha, Kamera. Umehamisha maficho tu, umeyaleta dirishani."

"Nakupenda. Wallahi nakupenda."

"Najua. Hilo ndilo linaloniua. Ungekuwa hunipendi ningekutukana nikaenda zangu."

"Nisubiri kidogo tu."

"Hadi lini? Hadi nizae? Niwafundishe na watoto kumficha mama yao?" Machozi yalishuka, hakuyazuia. "Mimi aibu hii niliimaliza peke yangu, hospitali, nikiwa mgonjwa. Siwezi kuianza upya kwa ajili yako wewe mzima."

Kamera akaingia ndani, akarudi na begi la kamera, akalifungua. Mfuko wa akiba ulikuwa pale pale, mahali pa lenzi, na kitundu kimeshakatwa kwa kipimo chake.

"Sikuutoa," akasema. "Kila kazi niliyokwenda, nilikwenda nao."

Hapo ndipo Fundi alipolia kweli, mbele ya wapita njia, mbele ya picha yake mwenyewe. Akaupokea. Akamshika shavu lenye ndevu, akaliachia, akaondoka.

Ule mfuko hakuutupa, vitu hivyo ni ghali, havitupwi. Asubuhi moja zamu yake ya kubadilisha ilifika, akauchukua. Ulikuwa na harufu ya begi la kamera. Kitundu kilimkaa Shangazi sawasawa, kama Kamera alivyokuwa akikikata siku zote. Lakini ngozi ikilowa mfuko haushiki, na machozi yalikuwa yanadondoka tumboni. Basi Fundi aliuweka kando, akalia hadi akamaliza. Akajifuta, akasubiri ngozi ikauke vizuri, ndipo akaubandika. Kisha akavaa gauni lake la milia, akaenda kazini, maana kulikuwa na bibi harusi anamsubiri.