Siafuchuma Walipoondoka Songea

Chombo cha angani kilikuwa kimeshaivuka milima ya Matogoro, kimebaki cheche tu mchana kweupe, na ndani yake walikuwamo siafuchuma wote wa Songea.

Siafuchuma walikuwa vidude vidogo kama chembe ya ulezi, kila kimoja na miguu sita na akili ya kutosha kazi moja, kula uchafu. Mtu aliweka simu au miwani yake sakafuni, akapiga makofi matatu, wakatoka ukutani kwa msururu, wakakipitia kile kitu kama siafu wapitavyo juu ya panzi, kikabaki kinang'aa. Mji ulizoea hivyo miaka arobaini, hata watu wazima wakawa hawajui kushika kitambaa. Lakini kwenye sayari ya Mirihi kuna vumbi linaloua mitambo. Wakuu wakaamua siafu wapelekwe huko, pamoja na mhandisi aliyewalea, Osmunda Mapunda.

Mumewe, Kandidus Komba, alikuwa barazani na kinong'onezi sikioni. Hicho ni kidude cha ukubwa wa harage kinachopeleka sauti hadi angani na kuirudisha, na kila kimoja kina pacha wake mmoja tu. Pacha wa hiki alikuwa sikioni mwa Osmunda. Muda si mrefu mama huyo angelazwa kwenye kitanda cha baridi, alale safari nzima.

"Kandi... chombo cha pi... niku... au...?"

"Sikusikii! Rudia!"

"...kabla sija... niku..."

Akakitoa. Kijiwavu chake kilikuwa kimezibwa na nta ya sikio. Akakiweka sakafuni, akapiga makofi matatu, akangoja. Halafu akakumbuka.

Hapo akaingia Semkiwa, Mhehe wa nyumba ya pili, mtani wake, kajifunga kanga kiunoni kama mfiwa.

"Uwii! Kandidus kafiwa na mke aliye hai!" Akakatisha kilio, akacheka. "Wangoni mlitembea toka kusini kote kule, mkajisifia miguu. Leo mkeo kakushinda mwendo!"

"Siyo leo, Semkiwa. Ameniuliza neno, sikulisikia."

"Jibu ndiyo. Mke anayeondoka hajibiwi hapana."

"Na kama kauliza iwapo nitaoa?"

"Basi jibu hapana."

"Nenda kafunge mbwa wako, Mhehe, kabla hujamla kwa njaa!"

Kandidus akakitemea kinong'onezi mate, akakifuta kwa shati. Kikawa kibaya zaidi. Sasa Osmunda alisikika kama mtu anayesema ndani ya mtungi wa maji.

Ndipo akaukumbuka mswaki. Osmunda, pamoja na uhandisi wake, hakuwaachia siafu vitu vidogo. Kila Jumapili baada ya misa alikaa hapo barazani akisugua vinong'onezi vyao kwa mswaki mkuukuu, uso umelainika. Kandidus alimcheka, "Mama wa siafu, unawanyima kazi wanao!" Naye alijibu, "Njoo uone uchafu unavyotoka, ndo utajua utamu wake." Hakwenda hata siku moja.

Akauchukua dirishani. Akainamisha wavu chini, akasugua pole pole. Semkiwa akampa njiti ya kiberiti. Akachokoa, na donge la nta likachomoka zima zima, jeusi, kama mbegu ya ufuta.

"Haa!" Semkiwa akainama. "Nipe na mimi nichokoe."

"Kaa mbali. Hili langu."

Raha ndogo ikampanda kifuani, akageuka kumwonyesha Osmunda. Kiti kilikuwa kitupu.

Akakirudisha sikioni. Akasikia kila kitu, hata pumzi ya mkewe, na nyuma yake kitu kikikwaruza, krrsh, krrsh.

"Unasugua nini?"

"Kinong'onezi. Nilidhani changu ndicho kilichoziba."

Wakacheka wote wawili.

"Kandi, chombo cha pili kitaondoka baada ya miaka mitatu. Sharti nimtaje mwenzangu wa kunifuata kabla sijalala. Nikutaje?"

"Nitaje."

"Una hakika?"

"Nitaje, Osmunda. Nimetoa nta hapa, ungeiona!"

"Kubwa?"

"Kama ufuta!"

Osmunda akacheka tena, kisha kifuniko cha kitanda cha baridi kikashuka.

Osmunda aliamka salama. Siafuchuma walifanya kazi vizuri mno huko Mirihi, hata wakuu wakaona hakuna haja ya kupeleka watu wengine, na chombo cha pili hakikuundwa. Vinong'onezi havifiki umbali ule, hivyo wawili hao walitumiana salamu kwa mtambo wa serikali, mara moja kwa mwaka. Semkiwa alihamia Mafinga kwa bintiye, akafia huko. Watu wa Songea walijifunza kusafisha vitu vyao wenyewe, wengine vizuri, wengine hovyo. Kandidus aliishi miaka kumi na minane zaidi, akazikwa Songea. Osmunda alimfuata mwaka uliofuata, akazikwa kule kwenye vumbi jekundu. Hawakuonana.