Antena Mbili Juu ya Paa

Walikutana kwenye duka la vifaa vya umeme, watu wamejaa hadi mlangoni, wao wawili wameshika kila mmoja ncha ya roli moja ya waya, na ndiyo ya mwisho.

"Dada, niachie. Mama yangu mgonjwa, televisheni ndiyo faraja yake."

"Na mimi nina zahanati haina intaneti," alijibu yule dada wa ovaroli la bluu na kilemba chekundu. "Tugawane, kaka. Usininunie."

Yeye fundi wa mitandao, kaka mshonaji. Waya ukakatwa, namba zikapeanwa, na mapenzi yakanoga.

Fundi akafunga antena yake juu ya paa la kina mshonaji, kurushia zahanati intaneti kwenye chaneli ya televisheni isiyotumika. Siku aliyoiwasha, mshonaji alipanda kuitazama. Aliiona imesimama wima, antena ya televisheni ya mama imelala kando yake. Moyo ukamlainika, akaisimamisha na ya mama, zikae bega kwa bega kama wao. Hakumwambia mpenzi wake, alitaka aje amwonyeshe mwenyewe.

Jioni hiyo picha ya mama ikakatika vipande vipande. Mama akalia. Mshonaji akapiga simu.

"Mtambo wako umemharibia mama televisheni!"

"Mpenzi, nimeupima. Niruhusu nipande niangalie antena yenu."

"Usikanyage hapa tena!"

Hasira hasara. Akamshtaki kwa mamlaka ya mawasiliano. Mtandao ukazimwa, fundi akaachishwa kazi.

Mkaguzi wa mamlaka alipopanda paani, alicheka hadi alipomwona mshonaji usoni.

"Nani kaisimamisha hii? Za televisheni hapa hulala. Ya mtandao husimama makusudi, zisisikilizane. Wewe umeifanya isikilize mtandao, ikaacha kusikia televisheni."

Mshonaji akampigia fundi simu, akaeleza yote.

"Uliisimamisha kwa ajili yangu?" Fundi alikuwa analia.

"Nisamehe, mpenzi. Rudi."

"Nimeshakusamehe. Ila nimepata kazi mbali, na basi limeshaondoka. Nilikuomba nipande tu, ukanifukuza. Siwezi kuishi na mtu anayenishtaki kabla ya kuniuliza."

Simu ikakatika. Mshonaji akailaza antena ya mama, akakaa hapo juu akilia kama mtoto.

Chini, dirisha likafunguliwa.

"Mwanangu! Picha imetulia kabisa!" mama aliita kwa furaha. "Mwambie mkwe wangu asante, na kesho aje nimwombe radhi kwa lawama zetu."